Geuza Hati: Kiapo cha Afisa wa Mgambo Kiko Nyuma

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliyeko Marekani alituma picha ya hati ya zamani ya kamisheni, yaani karatasi ya kumpa mtu cheo cha uafisa, ya kapteni wa mgambo wa jimbo la Massachusetts, akauliza kama ni ya kweli. Picha ilikuwa moja, ya mbele. Karibu kila anayeuliza hutuma ya mbele, kwa kuwa ndiko kuliko na lakiri, maandishi makubwa na sahihi ya gavana. Lakini hati ya mbele inasema tu kwamba mtu alipewa cheo. Kwamba alikipokea na akala kiapo, hilo huandikwa nyuma, na nyuma ndiko waghushi wengi huchemsha.

Hata hivyo mbele nako kuna kazi. Afisa wa leo hutunukiwa kamisheni na Amiri Jeshi Mkuu baada ya mafunzo, kama wanavyofanya katika chuo cha kijeshi cha Monduli, Tanzania. Mgambo wa Massachusetts hawakuwa hivyo. Kwa Katiba ya jimbo ya 1780, kapteni na maluteni wake walichaguliwa na watu wa kombania yao wenyewe, kwa kura za maandishi. Makapteni na maluteni nao wakawachagua maafisa wakuu wa rejimenti, na hao wakamchagua brigedia. Kazi ya gavana ilikuwa kumpa kamisheni aliyeshinda. Ndiyo maana hati nyingi husema kwamba mtajwa "amechaguliwa". Ukikutana na neno hilo usidhani umekosea kusoma.

Katiba hiyohiyo ilitaka kila kamisheni itolewe kwa jina la Jumuiya ya Massachusetts (ndilo jina rasmi la jimbo), isainiwe na gavana, ithibitishwe na katibu wa jimbo au naibu wake, na ibandikwe lakiri kuu. Fomu zilichapwa kwa mashine zikiachiwa nafasi wazi, karani akajaza jina, cheo, rejimenti na tarehe. Kwa hiyo tafuta mikono mitatu, yaani miandiko ya watu watatu: wa karani, wa gavana na wa katibu. John Avery alikuwa katibu kuanzia 1780 hadi 1806, na sahihi yake utaikuta mara nyingi kuliko ya gavana yeyote wa miaka hiyo. Kama maandishi yote, pamoja na sahihi, yametoka mkono mmoja kwa wino mmoja, unachoshika ni nakala. Nakala si lazima iwe ya ulaghai. Sheria ya pensheni ya 7 Juni 1832 iliwafikia hata wanamgambo wa Vita vya Uhuru waliotumikia miezi sita au zaidi, na wazee wakahitaji ushahidi. Wengine walituma hati zenyewe Washington, na baadhi zimelala hadi leo ndani ya majalada ya pensheni. Nyumbani ikabaki nakala.

Sasa hesabu ambayo watu huiruka. Chini ya hati huwa kuna tarehe mbili: ya kawaida, na mwaka wa uhuru wa Marekani. Mwaka wa uhuru huanza 4 Julai. Kwa tarehe iliyo kabla ya 4 Julai, toa 1776. Kuanzia 4 Julai na kuendelea, toa 1775. Hati ya 14 Mei 1798 lazima iseme mwaka wa 22. Ya 14 Agosti mwaka huohuo iseme wa 23. Karani aliyeandika hati kumi kwa siku aliweza kuteleza wiki za kwanza za Julai, hilo linasameheka. Kosa la mwaka mzima mwezi wa Januari halisameheki kirahisi.

Kisha linganisha tarehe na gavana. John Hancock alitawala 1780 hadi 1785, akarudi 1787, akafa 8 Oktoba 1793. Katikati alikuwapo James Bowdoin. Baada ya Hancock akaja Samuel Adams, kwanza akikaimu, halafu kwa kuchaguliwa, hadi 1797. Increase Sumner aliyemfuata alifia madarakani Juni 1799, na hadi Mei 1800 aliyesaini ni Moses Gill, akiwa naibu gavana. Hapo ndipo pazuri pa kumnasa mghushi: hati ya vuli ya 1799 yenye sahihi ya Sumner haiwezekani. Na kwa sababu sahihi ya Hancock ina bei, hati za Hancock ndizo za kukaguliwa mara mbili.

Kama hati ni ya kabla ya 1780, kanuni hizi hazifanyi kazi. Kuanzia Julai 1775 jimbo liliongozwa na Baraza, na kamisheni zilisainiwa na wajumbe wengi wa Baraza, kwa hiyo usishangae kukuta safu ndefu ya majina. Mwanzoni fomu bado zilitaja mwaka wa utawala wa Mfalme George wa Tatu wa Uingereza. Mwaka wake wa 16, kwa mfano, ulianza 25 Oktoba 1775. Kwa sheria ya Mei 1776 jina la mfalme liliondolewa kuanzia 1 Juni, nafasi yake ikachukuliwa na "serikali na watu". Fomu za zamani zilikuwa bado zipo, na karatasi haikuwa ya kutupwa, basi jina la mfalme likakatwa kwa kalamu na maneno mapya yakaandikwa juu yake. Mkato huo ni sehemu ya hati. Nimewahi kuona ushauri kwamba usafishwe kwa sababu "unaharibu sura". Usithubutu.

Haya, geuza. Nyuma ya kamisheni ya baada ya 1780 kwa kawaida kuna cheti kifupi: siku fulani, fulani alifika mwenyewe akala na kusaini viapo vinavyotakiwa na katiba, mbele ya fulani. Mwapishaji mara nyingi ni hakimu wa amani au afisa wa cheo cha juu katika mgambo. Mkono wake lazima uwe tofauti na wa karani wa mbele, na wino wake pia, kwa kuwa kwa kawaida kiapo hakikuliwa Boston, makao makuu ya jimbo, bali mjini kwa afisa, na si siku ileile. Tarehe ya kiapo kuchelewa kwa wiki kadhaa ni jambo la kawaida. Tarehe ya kiapo kutangulia ile ya kamisheni ndiyo yenye kasoro.

Viapo vilikuwa zaidi ya kimoja, na hapa watu hubabaika. Cha kwanza cha 1780 kilikuwa kirefu: mwapaji alikiri kwamba Massachusetts ni nchi huru yenye mamlaka yake, akaahidi kuitii, akaukana utii wowote kwa mfalme, malkia au serikali ya Uingereza. Cha pili kilikuwa cha kazi: kutimiza wajibu wa cheo kwa uaminifu na bila upendeleo. Tarehe 1 Juni 1789 ikapitishwa sheria ya kwanza kabisa ya Bunge jipya la Marekani, nayo ilihusu viapo. Iliwataka maafisa wa serikali za majimbo waape kuiunga mkono Katiba ya Marekani, kwa sentensi moja tu. Kwa hiyo cheti kinachotaja "sheria ya Marekani" pamoja na katiba ya jimbo hakiwezi kuwa cha 1785. Halafu marekebisho ya katiba ya jimbo yaliyoidhinishwa Aprili 1821 yakaondoa maneno ya kumkana mfalme na kuweka kiapo kifupi kwa maafisa wote, wa kiraia na wa kijeshi. Ukikuta kapteni wa 1830 anamkana malkia wa Uingereza, kuna mtu amenakili fomu asiyoielewa.

Jihadhari pia na viapo vya 1787. Baada ya uasi wa Shays, wakulima wa Massachusetts walipoinuka dhidi ya serikali ya jimbo, waasi wa kawaida waliotaka msamaha walilazimika kusalimisha silaha na kula kiapo cha utii. Karatasi hizo zina maneno yanayofanana, lakini aliyesaini hapo alikuwa anaomba msamaha. Kumwita afisa kwa sababu ya kiapo hicho ni kumgeuza mtu kuwa kinyume cha alivyokuwa, na nasaba kadhaa zimejengwa juu ya kosa hilo.

Kama nyuma ni patupu, usikate tamaa wala usijaze mwenyewe kwa kudhania. Andika hivi tu: "alipewa kamisheni, kiapo hakionekani". Alichaguliwa, hati ikatoka, basi. Kama alisimama mbele ya kombania, orodha za gwaride na za malipo ndizo zitakazosema. Na kama rejimenti ilikuwa kaunti za York, Cumberland, Lincoln au Kennebec, kumbuka kwamba Maine ilikuwa sehemu ya Massachusetts hadi 15 Machi 1820. Kumbukumbu za miaka ya nyuma zitafute Boston kwanza, ndipo uende Augusta, mji mkuu wa Maine.

Kuhusu karatasi yenyewe, kioo cha kukuza mara kumi kinatosha kuanzia. Ukiona vidoti vilivyopangwa kwa safu ndani ya herufi, hiyo ni picha iliyochapwa. Wino wa zamani wa chuma hugeuka kahawia na huingia ndani ya karatasi, na penye mstari mnene waweza kuona umeila hadi upande wa pili. Karatasi ya karne ya 18 ni ya matambara. Ya massa ya miti ilienea baada ya miaka ya 1840. Taa ya urujuanimno nayo husaidia: karatasi inayong'aa buluu nyeupe ina kemikali za kung'arisha zilizoanza kutumika karne ya 20.

Lakiri usiiguse. Ni kipande cha karatasi kilichogandishwa juu ya unga mwekundu uliokandwa kisha kikapigwa chapa, na unga huo hukauka ukapukutika. Hati ikiwa imekatika kwenye mikunjo, gundi ya utepe ni mwiko, kwa kuwa huacha doa lisilotoka. Fundi wa hati hutumia karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano. Usiipeleke kufunikwa kwa plastiki ya moto. Mfuko wa poliesta usiobandikwa unatosha.

Kwa msomaji aliyetuma picha: mwaka wa uhuru unalingana na tarehe, gavana ndiye, mikono ni mitatu. Iweke juu ya kitambaa cheusi, mwanga utoke upande wa kushoto ukiwa chini chini ili alama za kalamu zionekane, kisha upige nyuma yote pamoja na kingo. Hiyo ndiyo picha ninayoisubiri.