Kabla Hujakubali Kufundisha Ufundi wa Ndege kwa Saa

Kwa miaka saba nimefanya kazi mbili katika jiji hili la Nairobi. Mchana niko kwenye hanga moja katika uwanja wa ndege wa Wilson, ambako tunatunza ndege ndogo za abiria na mizigo. Jioni mbili kwa wiki, na kila Jumamosi asubuhi, nafundisha matengenezo ya ndege chuoni nikiwa mkufunzi wa muda, yaani yule anayelipwa kwa saa alizosimama mbele ya darasa na si zaidi. Wenzangu wenye leseni huniuliza mara kwa mara kama kazi hiyo inafaa, hasa wanapopigiwa simu na chuo kinachotafuta mtu wa kushika somo la injini au la mitambo ya umeme muhula ukiwa umeshaanza. Jibu langu ni kwamba inafaa sana, lakini uichukue kama unavyoichukua ndege utakayoitilia saini: uikague kwanza, usome karatasi zake, na usiandike jina lako mahali ambapo hukuona kwa macho yako.

Ukaguzi uanze na chuo chenyewe. Kabla ya kuuliza malipo, uliza kama Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya imekiidhinisha chuo hicho kwa kozi ile ile unayoitiwa, kwa sababu chuo kinaweza kuwa na kibali cha kozi moja kikatangaza tatu. Uliza pia kuhusu usajili chini ya sheria ya mafunzo ya kiufundi ya mwaka 2013, ambayo inamtaka mkufunzi naye awe na leseni ya kufundisha. Leseni yako ya uhandisi wa ndege, hata ikiwa na miaka ishirini, haichukui nafasi ya ile. Ukishaonyeshwa vyeti hivyo, omba kuingia karakana, na usiridhike kusimama mlangoni. Fungua makabati. Hesabu spana. Tazama kama injini ya mazoezi ina magneti zake, zile zinazozalisha umeme wa cheche, na kaburata yake, au ni gamba tu lililopakwa rangi ili lipendeze wazazi siku ya usajili.

Nasema hivi kwa sababu chuo cha kwanza kilichoniajiri sikukikagua. Kilikuwa na injini moja ya silinda nne ambayo sehemu zake nyingi zilikuwa zimeng'olewa na hazikurudi, na mimi, kwa furaha ya kuitwa mwalimu, nilijiambia kwamba vifaa vitanunuliwa. Mwisho wa muhula mkuu wa idara aliniwekea mezani rundo la daftari za wanafunzi, zile ambazo mwanagenzi huandika kila kazi ya vitendo aliyoifanya ili msimamizi aithibitishe, akaniomba nizitie saini zote. Ndani yake iliandikwa kwamba kila mmoja amepima mgandamizo wa silinda, ameondoa na kurudisha magneti, na amekagua propela. Hakuna aliyefanya hata moja. Nilipomwambia hivyo hakukasirika. Alizungumza kwa upole, na upole wake ndio ulionitia shida. "Mwalimu, hawa ni watoto wa watu. Wamelipa karo. Usiwazuie."

Sikutia saini. Nilizichukua daftari, nikaenda kumwona msimamizi wangu wa hanga, nikamweleza hali yote, naye akaniruhusu kuwaleta wanafunzi wanne wanne Jumamosi mchana, kazi inapopungua, wakiwa na mavazi ya kazi na bila simu mkononi. Tulikuwa na silinda iliyotolewa, pamoja na injini iliyokuwa kwenye ukaguzi wa saa 100. Waliokuja wakafanya, nikaandika tarehe ya siku ile waliyofanya na si nyingine, nikasaini. Waliobaki nilirudisha daftari zao zikiwa wazi. Mkataba wangu haukuendelezwa muhula uliofuata, na malipo yangu yalichukua miezi mitano kufika. Yaliniuma, sitaficha, lakini hadi leo sijui ningelala vipi kama ningejua kwamba kijana fulani amesimama chini ya ndege akiwa na saini yangu badala ya ustadi.

Kwa hiyo ukipewa mkataba, usome mpaka ukurasa wa mwisho. Uandikwe wazi kwamba saa za karakana zinalipwa sawa na saa za darasani, kwamba kutunga na kusahihisha mitihani kuna malipo yake au hakuna, na kwamba malipo yatatoka tarehe fulani. Mimi hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, na vyeti vya makato hayo navitunza kwa ajili ya ritani ya mwaka. Katika mwaka wa kwanza, saa moja ya kufundisha ilinigharimu saa tatu za kuandaa, na saa hizo tatu hakuna anayezilipa. Ukizipima kwa fedha peke yake utaacha mapema.

Nije darasani, maana ndipo penye mambo.

Wanafunzi wetu hapa Nairobi hawaji mikono mitupu. Wapo waliokulia kwenye gereji za Kirinyaga Road na Kariobangi, wanaoweza kufungua gia boksi ya matatu huku wakizungumza mambo mengine. Mikono yao ni hazina, wala usiwadharau hata kidogo. Lakini walikotoka husemwa "kaza mpaka ishike", na katika ndege sentensi hiyo ni hatari. Kijana mmoja mwenye mikono mizuri kuliko darasa zima alipewa kazi ya kukaza nati ambayo mwongozo ulitaka paundi-inchi 120. Nati ilikuwa pembeni, spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza na kulia ikifika kiwango ulichoiwekea, haifiki, kwa hiyo akafunga kiendelezo mbele yake, akaiweka spana kwenye 120, akakaza mpaka ikalia. Alifanya kwa utaratibu, akaniangalia akisubiri pongezi. Nikamwomba apime urefu wa spana kutoka katikati ya mshiko hadi kwenye kichwa chake: inchi 10. Apime kiendelezo kilichonyooka na spana: inchi 2. Kisha tukaenda ubaoni. Toki unayoitaka huzidishwa kwa urefu wa spana, halafu hugawanywa kwa urefu wa spana na kiendelezo vikijumlishwa: 120 mara 10, gawanya kwa 12, unapata 100. Alipaswa kuiweka spana kwenye 100. Kwa kuiweka kwenye 120, nati ilikuwa imepata 144, na spana haikumwambia.

Alikaa kimya kidogo, akasema, "Mwalimu, mkono wangu haukusikia tofauti." Nikamwambia hata wangu usingesikia. Hapo ndipo nilipowaeleza kisa cha ndege ya British Airways iliyoondoka Birmingham mwezi Juni 1990, ikiwa imetoka kubadilishwa kioo cha mbele usiku. Fundi, mtu mwenye uzoefu, alichagua bolti kwa kulinganisha na zile za zamani, na bolti 84 kati ya 90 zilikuwa nyembamba kuliko zilizotakiwa, kwa tofauti ya inchi 0.026. Kioo kiling'oka angani na rubani akavutwa nusu mwili nje, akashikiliwa na wafanyakazi wa ndege mpaka ikatua, naye akapona. Tofauti hiyo ya inchi wanafunzi wakaitafuta kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene, wakaiona ilivyo ndogo. Tangu siku hiyo kijana yule hufungua mwongozo kabla ya kufungua sanduku la vifaa, na nimemsikia akiwakemea wenzake wasiofanya hivyo.

Ushauri wangu hapa ni kwamba usifundishe takwimu kwa kichwa, hata ukizijua. Mwanafunzi akikuuliza toki ya plagi, na wewe umeikaza mara elfu, mwambie mfungue mwongozo pamoja. Ukimjibu papo hapo atakuona hodari, na atajifunza kwamba fundi hodari hukumbuka, ilhali miongozo hubadilishwa na kumbukumbu haibadilishwi nayo.

Jambo la pili ni kufundisha kutoka hapa ulipo. Vitabu vingi tunavyotumia viliandikwa kwa viwanja vilivyo karibu na usawa wa bahari, na Wilson iko juu kwa zaidi ya futi 5,500. Nakumbuka binti mmoja aliyekuwa anakagua Cessna 206 injini ikiwa imezimwa. Geji ya shinikizo la hewa inayoingia kwenye injini ilikuwa inasoma inchi 24 na nusu hivi za zebaki. Kitabu chake kilimwambia atarajie karibu 30, basi akaanza kuandika kwamba geji ni mbovu. Nilimzuia nikamuuliza, "Injini haifanyi kazi. Sasa geji inapima hewa gani?" Akafikiri, akajibu, "Hii tunayopumua." Nikamwambia aitafute hewa tunayopumua Nairobi ina shinikizo kiasi gani. Dakika kumi baadaye alirudi akiwa amefuta alichoandika. Geji ilikuwa nzima. Ikipelekwa Mombasa ingesoma karibu 30. Kutokana na swali hilo moja tulijadili kipindi kizima: kwa nini injini isiyo na tabo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, huanza safari Wilson ikiwa na pungufu ya karibu sehemu moja ya tano ya hewa, kwa nini mchanganyiko wa mafuta hurekebishwa hata kabla ya kuruka, na jinsi ambavyo kifaa kizima kingeng'olewa na kingine kuagizwa kwa gharama kubwa kwa sababu ya kitabu kilichosomwa bila kuangalia ulipo.

Vivyo hivyo, ninapofundisha mitambo inayoendeshwa kwa hewa, somo ambalo wengi huliona kavu, huanza na tarehe 20 Novemba 1974. Asubuhi hiyo Boeing 747 ya Lufthansa, iliyotoka Frankfurt ikielekea Johannesburg, iliondoka katika uwanja wetu wa Embakasi ikaanguka muda mfupi baada ya kunyanyuka. Kati ya watu 157 waliokuwemo, 59 walifariki. Mikunjo ya ukingo wa mbele wa mabawa, inayosaidia ndege kunyanyuka, haikuwa imefunguka, kwa sababu valvu zinazopeleka hewa ya kuiendesha hazikuwa zimefunguliwa. Ilikuwa ajali ya kwanza ya Boeing 747 kuua watu, na ilitokea hapa, katika hewa hii nyepesi ya juu. Wanafunzi wengi huwa hawajawahi kuisikia. Baada ya hapo mchoro wa valvu hauhitaji kusifiwa, wanausogelea wenyewe.

Kuhusu lugha: mitihani ni ya Kiingereza na miongozo ni ya Kiingereza, na ni lazima wanafunzi wakijue vizuri, kwani neno moja la onyo likieleweka vibaya ni hatari. Hata hivyo mimi huieleza kazi kwanza kwa Kiswahili, mpaka nione wameshika kinachosukuma nini na kwa nini, ndipo tunaisoma aya ya mwongozo mstari kwa mstari. Nikianza na aya, wanaikariri. Nikianza na Kiswahili, wanabishana nami, na anayebisha anafikiri.

Uchovu nao usiufanyie mchezo. Ukitoka zamu ya usiku, usikubali darasa la asubuhi hiyo hiyo kwa sababu tu Lang'ata Road iko wazi kuelekea mjini. Usikubali pia kinyume chake: kufundisha mpaka saa tatu usiku kisha kuingia hanga alfajiri. Nimewaambia wakuu wa chuo mapema kwamba siku ndege ikiwa chini na inanisubiri, darasa litahamishwa, na nimemwambia msimamizi wangu wa hanga siku zangu za chuo tangu mwanzo wa muhula. Wote wawili wana ratiba yangu ukutani. Kificho katika jambo hili humalizikia kwa kazi iliyofanywa na mtu anayesinzia.

La mwisho ni namna ya kuondoka, kwa sababu mkufunzi wa muda huondoka, mara nyingi katikati ya muhula, akiitwa kazini mahali pengine. Hangani hatuachi ndege wazi bila makabidhiano ya zamu, na darasa nalo lisiachwe hivyo. Mwaka juzi nilipoacha somo moja, nilimwandikia aliyenipokea kurasa tatu: tulipofika, wanafunzi gani bado hawajafunga waya wa usalama kwa njia inayovuta nati upande wa kukaza, daftari zipi sijasaini na kwa nini, na tochi gani ya karakana ina betri mbovu. Kisha tukalifungua sanduku la vifaa, lenye vipande 64, tukavipanga juu ya meza kwa mujibu wa orodha. Soketi moja ilikosekana. Tuliitafuta karibu nusu saa na wanafunzi wawili waliokuwa wamebaki, tukaikuta ndani ya kifuniko cha injini, chini ya mrija wa mafuta. Tukahesabu upya kuanzia cha kwanza, vikatimia, naye akatia saini.