Bwawa la tope mgodini: usianze na ukubwa wa bwawa

Mkuu umeuliza bwawa la kunasa tope liwe na ukubwa gani kwa mgodi wa hekta 40 ambao haujaanza kuchimbwa. Hapo umeanzia mwisho, anza na maji.

Fomula siyo ngumu: koefishenti ya mtiririko (sehemu ya mvua inayotiririka badala ya kuzama ardhini) mara ukali wa mvua (milimita kwa saa) mara hekta, gawa kwa 360, unapata mita za ujazo kwa sekunde. Mvua ya milimita 60 kwa saa, pori lenye koefishenti 0.3 linakupa 2 tu. Sasa matingatinga yakishakwangua majani na malori yakashindilia ardhi, koefishenti inafika 0.7 hivi, unapata karibu 4.7, mvua ni ileile. Wengi wanapiga hesabu kwa pori la leo halafu wanashangaa. Na usichukue mvua ya siku nzima ukagawa kwa 24, utajidanganya, chukua ukali wa mvua inayodumu muda ule ambao maji ya pembe ya mbali kabisa yanatumia kufika kwenye bwawa.

Halafu maji safi yanayotoka nje ya mgodi yasiingie kabisa bwawani. Mgodi mmoja niliofanya kazi, mlima wa juu ulikuwa unashusha maji mengi kuliko mgodi wenyewe, tukakata mfereji yapite pembeni, safi sana, ila tulisahau kupanga mawe pale mfereji unapomwaga, mvua ya pili tu pakachimbika korongo na mfereji ukawa ndio unaleta tope. Aibu yetu.

Sasa udongo, hapa ndipo wengi wanaumia. Kwenye maji yaliyotulia punje ya milimita 0.02 inazama mita moja kwa kama dakika 45, ile ya 0.002 inahitaji siku tatu. Bwawa letu kwenye karatasi lilitosha kabisa, kumbe udongo ni mfinyanzi. Nilichota chupa moja nikaiweka dirishani Ijumaa, Jumatatu nimerudi maji bado ya kahawia vilevile. Kuongeza ukubwa hapo ni kupoteza hela, tuliishia kuweka jasi (madini ya gypsum) ndio tope likaanza kugandamana na kuzama.

Kwa hiyo chimba mashimo matatu manne, koroga kila udongo kwenye chupa ya maji uone unatulia baada ya muda gani, ndio urudi kwenye michoro. Na uache njia ya eskaveta kuingia kufukua tope, sisi tulilazimika kubomoa tuta.