Jibu: Pichi ya kriketi ya udongo mweusi inapasuka ingawa tunaimwagilia kila siku

Mkuu, umeuliza kwa nini pichi yenu ya kriketi ya udongo mweusi hapo Nairobi inapasuka na mpira unaruka ovyo, ilhali mnaimwagilia kila jioni na bili ya maji inapanda. Kosa liko kwenye huko kumwagilia kila jioni. Maji ya dakika tano yanalowesha sentimita moja au mbili za juu, na kesho yake mchana jua limeshayachukua. Chini udongo wa mfinyanzi unabaki mkavu. Mizizi ya nyasi inapanda kuyafuata maji, na rola, lile gurudumu zito la kushindilia, inabana ganda jembamba tu lililokalia udongo uliolegea. Ndiyo maana mpira mmoja unapaa hadi kifuani na unaofuata unapita kwenye vifundo vya miguu.

Mwagilia mara chache, lakini maji yafike sentimita 10 chini.

Hesabu yake ni nyepesi. Pichi ina urefu wa mita 20.12 na upana wa mita 3.05, yaani kama mita za mraba 61. Milimita moja ya maji ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Udongo mweusi uliokauka hutaka milimita 25 hivi kulowa hadi kina hicho, kwa hiyo andaa lita 1,500. Usizimwage kwa mkupuo mmoja. Mfinyanzi ukishaanza kulowa unavimba, nyufa zinajifunga, na kutoka hapo unameza milimita chache tu kwa saa. Kinachozidi kinatiririka pembeni. Gawanya awamu tano za lita 300, na kila awamu isubiri maji ya kwanza yazame. Pima mpira wenu wa maji kwa ndoo: kama ndoo ya lita 20 inajaa kwa dakika moja, awamu moja ni dakika 15. Funga kichwa chenye matundu madogo, kwa sababu maji yanayoruka kwa nguvu yanachimba vishimo karibu na krizi, mistari anaposimama mpigaji. Anza alfajiri au jioni upepo ukitulia.

Awamu ya kwanza inadanganya, maana maji yanatumbukia kwenye nyufa na kuacha vipande vya katikati vikavu. Usiamini macho. Kesho yake gongelea kipande cha bomba la chuma la inchi moja pembeni, mahali mpira haudundi, utoe udongo uutazame. Ukiona pakavu kati ya sentimita 4 na 8, rudia awamu moja.

Sasa rola, na hapa ndipo pichi nyingi zinapoharibika. Chukua udongo wa kina cha sentimita 5, uviringishe viganjani uwe kama uzi. Ukinata mkononi, bado ni mbichi. Rola itasukuma wimbi la udongo mbele yake na kuacha mabonde. Ukifika unene wa milimita 3 ukaanza kukatika, huo ndio wakati wake. Ukivunjika kabla ya hapo umechelewa, na kupitisha rola saa nzima ni kuchoma mafuta bure.

Kwa mechi ya Jumamosi mimi hulowesha Alhamisi na Ijumaa ya wiki iliyotangulia. Jumapili au Jumatatu, udongo ukikubali, naanza na rola nyepesi ya kilo 300 hadi 500, kwa upana na kwa mshazari, mwendo wa pole kuliko mtu anayetembea. Jumanne na Jumatano inaingia nzito ya tani moja au zaidi, kwa urefu. Nyasi zishushwe taratibu kutoka milimita 12 hadi 5, na zisinyolewe mapema, kwa kuwa nyasi ya Bermuda iliyo hai ndiyo inayovuta maji ya chini ambayo jua haliyafikii. Ukiinyoa upara Jumatatu, juu patakauka na chini patabaki tope. Mechi ikishaanza, sheria haziruhusu kumwagilia pichi.

Nyufa zenyewe zisikutishe. Udongo mweusi lazima upasuke. Kanyaga kipande kati ya nyufa mbili: kikitulia, chezeni, kikicheza, maji hayakufika chini. Usijaze mchanga kabisa. Mchanga haushikani na mfinyanzi, na ufa hautajifunga tena. Mashimo ya warusha mpira yajazwe kwa udongo uleule wa pichi, ukiwa na unyevu kidogo, ushindiliwe tabaka kwa tabaka. Ukileta udongo wa machimbo mengine utapata matabaka yasiyoungana: kipande cha bombani kitakatika bapa mahali pamoja, na mpira utalala chini msimu mzima.

Turubai lifunuliwe kila asubuhi isiponyesha, kwani jasho la chini yake linalowesha juu na kuleta ukungu. Walio Dar wanaotumia kisima chenye chumvi waangalie utando mweupe na ganda gumu lisilopitisha maji. Hapo jasi husaidia, ikifuatiwa na maji matamu. Na maji matamu mnayo: paa la mita za mraba 200, mvua ya milimita 10, ni karibu lita 2,000 kabla ya upotevu. Hiyo ni pichi moja nzima.

Toa kipande cha udongo kwa bomba, kiweke kando ya rula, upige picha uitundike hapa. Tutajua maji yenu yanaishia wapi.