Shaka kuhusu maumivu ya mdudu

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza kama ni kosa kuua mdudu, na kama anayetetea haki za wanyama analazimika kumtetea nzi kama anavyomtetea ng'ombe. Naamini kumuua mdudu bila haja ni kosa, ingawa ni dogo kuliko kumuua ng'ombe bila haja, kwa kuwa tuna shaka kubwa zaidi kuhusu maumivu yake.

Shaka hiyo ina msingi. Mwaka 1984 watafiti waliolichunguza suala hili walieleza kwamba nzige huendelea kula huku yeye mwenyewe akiliwa na vunjajungu, na kwamba mdudu aliyepondwa mguu huendelea kuukanyagia kwa nguvu ile ile. Kwa miaka mingi niliona hapo mjadala umekwisha. Lakini mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, waliwawekea nyuki wakubwa wenye manyoya vyombo vya maji ya sukari, baadhi vikiwa vimepashwa moto hadi nyuzi 55. Sukari ilipolingana, nyuki waliviepuka vile vya moto. Ilipozidi utamu katika vya moto, walilivumilia joto. Jaribio hilo halithibitishi kwamba nyuki huumia, lakini limeniondolea ujasiri wa kusema kwamba haumii.

Mbu namuua bila kusita, kwa sababu malaria, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, iliua watu wapatao 597,000 mwaka 2023, wengi wao watoto wadogo. Hoja hiyo, hata hivyo, haiwezi kuhalalisha kila sumu inayopuliziwa mashambani, ambako wadudu wasio na madhara hufa pamoja na waharibifu, wala hariri, ambayo kwa kawaida hupatikana kwa kuwaua viwavi kwa mvuke au maji moto wakiwa ndani ya vifukofuko vyao. Huko ndiko ningependa watetezi wapaze sauti, badala ya kumkemea mtu aliyempiga nzi mmoja.

Sheria ya Uingereza ya mwaka 2022 iliyowatambua kaa na pweza kuwa viumbe wenye hisia iliwaacha wadudu nje, na sioni ubaya wa watunga sheria kusubiri ushahidi zaidi. Lakini anayefuga wadudu kwa wingi ili wawe chakula cha kuku na samaki hana sababu ya kusubiri sheria ndipo achague njia ya kuwaua upesi.