Barua kwa mwanangu: brashi ya manyoya ya paka

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Umeuliza mawili kuhusu sanduku lililochorwa maua uliloliona, la kutoka Petrykivka: je, ni kweli brashi zao ni za manyoya ya paka, na mbona hawatangulizi penseli? Nianzie ukutani, maana sanduku lilikuja baadaye.

Petrykivka ni kijiji cha nyikani, mkoa wa Dnipropetrovsk, Ukraine. Mbao ni adimu huko, kwa hiyo nyumba za zamani zilikandikwa karibu kama tunavyokandika sisi: fito, kisha udongo uliokanyagwa kwa miguu pamoja na mabua na samadi ya farasi. Ukuta ulipakwa chokaa au udongo mweupe, halafu wanawake wakachora maua kwenye tanuri, kuzunguka madirisha na chini ya dari. Pasaka ikikaribia ukuta ulipakwa upya, na maua ya mwaka jana yakafunikwa. Anayerudia kazi hiyo kila mwaka, ua limeshakaa mkononi mwake. Penseli ingemchelewesha tu.

Wanakijiji hawakuwa mali ya mabwana wa mashamba kama majirani wengi. Mahali hapa palikuwa pa Wakosaki wa Zaporizhia, wapiganaji huru wa nyika za Ukraine. Kiongozi wao wa mwisho, Petro Kalnyshevsky, ndiye aliyesimamia kujengwa kwa kanisa hapo mwaka 1772. Naamini uhuru huo ulisaidia sana: mtu alichora kwake, na karatasi rahisi zilipofika alichora juu yake na kuuza gulioni.

Sasa brashi. Ndiyo, ni paka. Hukatwa kishungi kidogo cha manyoya, paka haumii. Ncha zote zielekezwe upande mmoja, kishungi kilowanishwe, kifungwe kwa uzi kwenye kijiti. Usikisawazishe kwa mkasi hata kidogo! Unywele una ncha yake ya asili, na ndiyo inayomaliza mpigo kwa mstari mwembamba kama uzi. Ukiikata, kila jani litaishia butu.

Mipigo ya msingi ni michache. *Hrebinets*, yaani kichana: unakandamiza mwanzoni, kisha unainua mkono taratibu hadi rangi iishie kwa uzi. *Zernyatko* ni vipunje vilivyopangwa pande mbili za kikonyo, kama suke la ngano. Vichana viwili vilivyopinda vikitazamana, katikati vikajazwa vipunje, unapata *horishok*, kikokwa. Upo pia mpigo wa rangi mbili: brashi yote kwenye kijani, ncha tu kwenye njano, na jani linatoka na kivuli chake kwa mkupuo mmoja. Tunda la kalyna, kichaka chenye vitunda vyekundu vya mviringo, halihitaji brashi. Ni ncha ya kidole.

Rangi ya zamani ilishikizwa kwa kiini cha yai. Toa ute wote na utando wa kiini, la sivyo rangi itavutika nyuzi. Kiini kimoja, maji kiasi kilekile, ndipo rangi. Kiini kikizidi, rangi hupasuka ikikauka. Kikipungua, hubaki vumbi kidoleni. Walitumia pia utomvu wa mcheri. Wekundu wa bitiruti ni mzuri lakini jua huufifisha, na juu ya chokaa mbichi hugeuka njano.

Kuta za kale zimekwisha, tumebaki na nakala ambazo Evhenia Evenbakh alizichora kwa agizo la mwanahistoria Dmytro Yavornytsky kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Baada ya njaa kuu ya 1932 na 1933, mwalimu Oleksandr Statyva alifungua shule ya uchoraji huu kijijini mwaka 1936, na Tetiana Pata akafundisha. Wanafunzi wake ndio walioufikisha ulimwenguni. UNESCO iliuorodhesha kuwa urithi wa utamaduni mwaka 2013.

Ukitaka kujaribu, chukua karatasi nyeupe na rangi moja. Jaza ukurasa mzima kichana tupu, mkono ukiegemea kidole kidogo. Vikianza kufanana, ndipo uongeze vipunje.

Mama yako