Usianze na sahani ya mtoto, anza na geti la shule

Dada mleta mada, umeuliza ufanyeje na kijana wako wa darasa la nne aliyenenepa, anahema akipanda ngazi na shuleni ni chipsi na soda kila siku. Niko kwenye kamati ya shule moja ya msingi huku Temeke, nakupa ya kwetu.

Ukimbania chakula nyumbani peke yake ataona anaadhibiwa, halafu akifika getini na mia tano yake kazi yote imeharibika. Sisi tuliwaita akina mama wanaouza pale tukakaa nao, hatukuwafukuza kwa sababu wanasomesha kwa biashara hiyo hiyo. Tukakubaliana viazi na mihogo ya kuchemsha iwepo, karanga, mahindi, tikiti la kukata lililofunikwa vizuri, chachandu chumvi ipungue, na mafuta yaliyokaangiwa mpaka yamekuwa meusi hapana. Mama wa mihogo alibisha sana eti ya kuchemsha hailiki, akajaribu na ndimu na pilipili kwa mbali, sasa hivi inaisha mapema kuliko ya kukaanga.

Soda je? Mwalimu wa sayansi aliwasomesha lebo, chupa ya 350 ml ina sukari kama gramu 37, akachota vijiko 9 vya chai kimoja kimoja watoto wanahesabu kwa sauti, akamimina kwenye glasi ya maji akauliza nani anakunywa. Walikunja sura wote! Ilisaidia kuliko hotuba zetu zote.

Sasa mazoezi. WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema mtoto wa miaka 5 mpaka 17 apate angalau dakika 60 kwa siku, atazipata wapi wakati anapandishwa school bus asubuhi na kipindi cha michezo kinaliwa na marudio ya hesabu, hasa la nne na la saba wenye mitihani ya taifa? Hapo wazazi mkomae na mwalimu mkuu kipindi kisiguswe. Na isiwe mpira tu wa wale wa UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi, maana mtoto mnene anaishia kushikishwa viatu vya wenzake, inaniuma sana hii. Rede, kombolela, kuruka kamba, hapo kila mtu anakimbia.

Ila kabla ya yote mpeleke hospitali wampime presha, damu na wamsikilize moyo na kifua, kuhema siyo unene tu, inaweza kuwa pumu, upungufu wa damu au moyo wenyewe. Hilo lifanye wiki hii dada, la geti linaweza kusubiri kikao cha wazazi.