Kabla hujachomeka treni ya zamani: kwa mnaoanza Nakuru na Kisumu

Mtu akiniletea treni ya kuchezea ya zamani hapa Nakuru, iwe aliachiwa na babu au alitumiwa na shangazi aliye Marekani, huanza kuniuliza bei. Mimi huanza na swali langu: umeshaichomeka? Akisema bado, hufurahi kweli, kwa sababu nyingi huharibikia hapo.

Stima yetu ni volti 240, hezi 50. Transfoma (kile kisanduku kinachoipa treni stima) ya Lionel, kampuni ya treni za kuchezea ya Marekani, iliyouzwa huko iliundwa kwa volti 120, hezi 60. Ukibadilisha plagi peke yake kisha uichomeke ukutani, umeiunguza. Hata ukipata mashine ya kushusha volti, hezi zinabaki 50, na transfoma hupata joto kuliko ilivyokusudiwa. Iguse mara kwa mara, na usiiache ikiwaka ukienda kula. Za Uingereza ziliundwa kwa stima inayokaribiana na yetu, lakini waya wake ukague kwa makini: ule mpira unaoufunika, ukiwa wa miaka ya 1950, ukiukunja hupasuka na kuacha shaba wazi. Mpe fundi wa redio anayeijua kazi yake abadilishe waya wote kwanza. Mengine yatasubiri.

Kisha ujue treni yako inataka stima ya aina gani. Lionel za reli tatu hutumia AC, stima inayogeuza mwelekeo kama ya ukutani; reli ya katikati huleta stima, zile za pembeni huirudisha. Hornby Dublo, treni ndogo ya Uingereza iliyotoka 1938, nayo ilikuwa na reli tatu, na hapo ndipo wengi huchanganyikiwa, kwa maana hiyo inataka DC, stima ya mwelekeo mmoja kama ya betri, ya volti 12. Ukiipa AC itanguruma palepale bila kusogea, mota ichemke na sumaku idhoofike. Zitofautishe kwa upana. Pima kutoka ndani ya reli moja ya nje hadi ndani ya nyingine: saizi O, ya hizo Lionel, ni milimita 32, Dublo ni 16.5. Rula ya shule inatosha.

Sasa mota, na hapa naomba usiwe na haraka. Katika hizi Dublo za zamani, rota, ile sehemu ya mota inayozunguka, hukaa katikati ya sumaku. Ukiichomoa bila kuweka kipande cha chuma mahali pake, sumaku hupoteza nguvu, na treni itarudi mezani ikiwa safi ila haivuti. Isafishe rota ikiwa mahali pake. Toa brashi za kaboni, vile vipande vinavyoipa rota stima, chovya kijiti cha pamba kwenye spiriti, kisha zungusha rota polepole kwa kidole huku pamba ikigusa ile shaba inayosuguana na brashi, hadi weusi uishe na wekundu wa shaba uonekane. Mafuta yawe ya cherehani, tone dogo kwa ncha ya pini kwenye kila ekseli. Ukimwaga mengi yatafika kwenye brashi na utairudia kazi yote. Reli nazo usizisugue kwa stili wulu. Nyuzi zake huvutwa na sumaku hadi ndani ya mota.

Ukiniuliza uanze na ipi, nitakwambia ya ufunguo, inayoendeshwa na spring unayoikaza kwa mkono. Frank Hornby alianza kuuza treni za namna hiyo Liverpool mwaka 1920, na stima ikipotea jioni hutajali. Usiijaze ufunguo kisha uiache izunguke hewani. Spring hufunguka kwa kishindo na kuumiza meno ya gia.

Unaponunua za kabla ya vita, angalia magurudumu na sehemu za zinki zilizosubuliwa. Zikiwa na nyufa nyembamba au zimevimba, rudisha. Ni madini ya risasi yaliyochanganyika na zinki, na hakuna dawa. Kwa walio Kisumu, unyevu wa ziwa huozesha bati, kwa hivyo hifadhi treni kwenye kabati kavu, si kwenye mfuko wa plastiki. Huku kwetu shida ni vumbi.

Rangi ya asili usiiguse, hata ikiwa imechubuka. Kupaka upya hushusha thamani, tena hufuta kazi ya watu waliolipamba hilo bati. Rangi hizo za kale huweza kuwa na risasi, basi watoto wasizitie mdomoni, nawe unawe mikono.

Najua wengi mnataka mfano wa Garratt ya daraja la 59, yale magari-moshi makubwa ya mvuke ya reli ya Afrika Mashariki, zile 34 zilizoundwa na Beyer, Peacock mjini Manchester mwaka 1955 na 1956 na kupewa majina ya milima. Nawaelewa sana. Lakini reli yetu hii ya zamani ina upana wa mita moja, na kwa uwiano wa 1:87, yaani mfano mdogo mara 87 kuliko treni yenyewe, utahitaji njia ya milimita 12, kwa hivyo huo ni mradi wa kuujenga baada ya kuzoea mota na waya. Ukifika wakati huo, nenda makumbusho ya reli Nairobi. Mount Gelai, nambari 5918, iko pale. Piga picha za magurudumu na mabomba pande zote mbili, kwa maana hazifanani, na ubebe futi ya kupimia.